Kutafuta Jina la Mama yake Hamisi

Tangu nirudi sijakaa kwenye kahawa pale mbele ya msikiti bila mtu kuniuliza, "Mwalimu, huko Omani ulifuata nini hasa?" Mmoja nimemsimulia mwanzo, mwingine mwisho, na fundi baiskeli nimemsimulia katikati. Sasa nasikia mjini mnaambiana kwamba nilikwenda kudai urithi. Basi nimekaa nikaandika yote. Mambo ya viza na tiketi nayaacha kwa sababu hayana utamu. Someni, halafu mniache ninywe kahawa yangu.

Kivinje yetu mnaijua ilivyo leo, mbuzi wanalala katikati ya barabara na hakuna wa kuwaamsha. Watoto niliowafundisha historia kwa miaka thelathini walikuwa wakinicheka nikiwaambia kwamba katika karne ya kumi na tisa huu ndio ulikuwa mji mkubwa wa bandari kusini yote. Misafara ilishuka kutoka Nyasa ikiwa na pembe, sandarusi na watu waliofungwa. Hapa ufukweni watu hao waliuzwa na kupakiwa kwenda Unguja na mbele zaidi. Matajiri waliotoka Ibra na Sur walijenga nyumba za mawe, na mojawapo ni lile gofu karibu na soko la samaki ambalo limebaki na fremu ya mlango tu. Ndani ya nyumba ile aliishi mtumwa mmoja mwanamke aliyezaa mtoto akaitwa Hamisi. Hamisi ndiye babu yake shangazi yangu Somoe, na ndiko sisi tulikotoka.

Kila Shaaban, kabla ya Ramadhani, tunakusanyika nyumbani kwa shangazi kuwarehemu wazee wetu. Majina yao husomwa moja moja na watu huitikia amin. Orodha ikifika juu kabisa, msomaji husema, "Na Hamisi, na mama yake Hamisi." Basi. Hana jina. Mwaka juzi, sahani zilipokwisha kuondolewa, shangazi alinishika mkono akaniambia, "Wewe umejaza madaftari na habari za mji huu. Nitafutie jina la huyu bibi. Mungu anamjua, lakini mimi ndiye ninayemwombea, na simjui." Shangazi anakaribia miaka tisini. Nilijua kwamba sina Shaaban nyingi za kuchezea.

Aliyenifungulia njia ni Mwanaidi, binti wa jirani yetu, ambaye anafanya kazi za ndani Ibra mwaka wa sita sasa. Alipiga simu kwao akasema, "Hawa matajiri wangu babu zao ndio wenye lile gofu la soko la samaki. Wana picha yake ukutani." Nikaomba namba. Mwenye nyumba, Bwana Nasor, akanijibu kwa Kiswahili kizuri kwamba nikaribie wakati wowote.

Nizwa: siku mbili za kungoja

Bwana Nasor kwao ni Ibra lakini kazi yake iko Nizwa, kwa hiyo aliniambia nimfuate Nizwa, halafu Alhamisi tungekwenda Ibra pamoja. Nilifika Jumanne. Alinipokea kituoni, akanipeleka hotelini, akalipa bila kuniuliza, akasema, "Pumzika, maalim, safari imekuchosha." Kisha akaondoka, na sikumwona tena mpaka Alhamisi.

Sijawahi kupumzika kwa uchungu kama ule. Nilizunguka ngome mara tatu mpaka mlinzi akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Sokoni watalii walipiga picha mbuzi, na mmoja alinipiga picha mimi, nadhani kwa ajili ya kofia yangu. Muuza halua alinionjesha kijiko kimoja, akaongeza cha pili, na kwa kuwa nilikuwa sina wa kuzungumza naye nilinunua bakuli zima ili nipate sababu ya kusimama pale. Yeye hakujua Kiswahili, na Kiarabu changu ni cha msikitini. Tukatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumatano saa nne asubuhi nilisikia nyuma yangu sauti ya mwanamke, "Njoo hapa weye! Utapotea niadhirike!" Kiswahili! Niligeuka nikamwona mama wa makamo amemshika mtoto mkono, nami nikamwendea mbio nikasema, "Salaam aleikum dada, natoka Kivinje!" Nadhani nilisema kwa nguvu mno. Yule mama alirudi nyuma hatua mbili, akamvuta mtoto, akaniitikia salamu kwa Kiarabu, akapotea kati ya maduka ya vyungu. Nilibaki na bakuli langu la halua mkononi. Sikumlaumu, kwani hata mimi mtu akinirukia hivyo soko la Kilwa Masoko ningeshika mfuko.

Usiku huo nilikula wali peke yangu, nikampigia shangazi. Akauliza, "Umelipata?" Nikamwambia bado. "Basi usinipigie mpaka ulipate, unamaliza pesa." Akakata.

Nizwa hadi Ibra, kwa kupitia Samad Ash Shan

Alhamisi Bwana Nasor alinichukua baada ya kazi. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, amenyooka, kanzu haina hata mkunjo. Wazee wake walihamia Dar es Salaam kutoka Kivinje, na yeye aliondoka huko akiwa mtoto mdogo. Njiani aliniuliza hali ya barabara ya kusini, bei ya korosho, na kama daraja la Mto Rufiji kweli lipo. Kila nilipofungua mdomo kusema lililonileta, yeye alikuwa ameshauliza jingine. Nikajiambia, subira, mgeni hafungui mzigo njiani.

Tulipofika Samad Ash Shan akasema, "Tuwasalimu jamaa, dakika kumi." Dakika zile kumi zilikuwa saa tatu. Tuliingia kwenye chumba kirefu chenye mazulia na mito, wanaume kama kumi na wawili wakasimama, na salamu zikaanza. Kila mmoja aliuliza hali, na baada ya hali wakauliza habari, na jibu la habari kwa kila mmoja likawa kwamba hakuna ila kheri. Nilifurahi, maana hilo nalijua. Hata kwetu mtu aliyeunguliwa na nyumba huanza na kusema njema. Nikawaambia kheri, kheri tu, nao wakaridhika.

Zikaja tende, kahawa, matunda, kisha sinia la wali na mbuzi ambalo sikujua mwanzo wake wala mwisho wake. Mzee aliyekuwa upande wangu alikuwa akinimegea nyama laini na kuisukuma mbele yangu bila kusema neno. Hatukuwa na lugha moja. Kila nikimaliza kipande anasukuma kingine. Katika safari yote, yule mzee ndiye mtu wa kwanza aliyenifanya nisijione mpweke, na sijui hata jina lake.

Bwana Nasor alinitambulisha kwa neno moja nililolielewa, Afrika. Walitikisa vichwa kwa huruma. Mmoja akauliza jambo, Bwana Nasor akajibu kwa sauti ndogo huku akinitazama, na wote wakanitazama pamoja naye. Nilihisi kuna kitu wanakijua juu yangu ambacho mimi sikijui.

Ibra: kheri tu

Nyumba ya Bwana Nasor ni mpya, lakini nyuma yake, ng'ambo ya mitende, uko mtaa wa zamani wa udongo na mawe ambao watu wameuhama. Ijumaa asubuhi nilitembea humo peke yangu. Nikasimama mbele ya nyumba mojawapo. Mlango ulikuwa umechongwa maua yale yale ya fremu ya Kivinje, mnyororo ule ule ubavuni, kana kwamba fundi alikuwa mmoja. Nimewaambia watoto miaka mingi kwamba utajiri wa mji wetu ulijenga nyumba huku, lakini nilikuwa nasema kwa kusoma tu. Sasa niliushika ukuta wenyewe. Nilikaa kizingitini nikajisikia vibaya kwa muda mrefu, na hakuna aliyepita kuniuliza nina nini.

Katika sebule ya wanaume picha ya gofu letu ilikuwa ukutani kweli, enzi lilipokuwa na ghorofa na bendera. Nikasema, "Mashallah, nyumba hii naijua." Bwana Nasor akasema, "Naam, nyumba ya wazee," akanimiminia kahawa. Nikangoja aniulize zaidi. Hakuuliza.

Ikawa hivyo Ijumaa yote na Jumamosi yote. Wageni wanakuja, tunasalimiana, habari ni kheri tu, tunakula, wanaondoka. Mimi nilikuwa nangoja niulizwe haja yangu, kwa sababu kwetu mgeni aliyefika kwa mtu mkubwa haanzi yeye kusema shida. Nilikuwa nimevaa suruali yangu nzuri na madaftari mawili mapajani, nimekaa mkao wa kuulizwa, na hakuna aliyeniuliza. Nikaanza kudhani wanajua nilichofuata na hawataki kukitoa. Nikakasirika kimoyomoyo. Nikila wali wao nilikuwa nauona ule wa Kivinje wa karne ile, na aliyeupika.

Na aliyeupika huu pia alikuwa mtu wa Kivinje. Mwanaidi analipwa mshahara na amewajengea wazazi wake nyumba ya bati, sote tumeiona, kwa hiyo silinganishi. Lakini sinia lilipokuwa likifika mlangoni na mkono wake ukirudi ndani, nilikuwa natazama pembeni. Tulikuwa hatujapata hata nafasi ya kusalimiana.

Jumapili asubuhi tulikutana uani, yeye anaanika nguo na mimi natafuta maji ya kutawadha.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hujambo na kazi?"

"Sijambo. Mwalimu, mbona husemi?"

"Nisemeje na hawaniulizi?"

Mwanaidi aliacha nguo kwenye beseni. "Hawawezi kukuuliza! Huku mgeni haulizwi kilichomleta mpaka siku tatu zipite, ni aibu kubwa. Wao wanangoja useme wewe. Tena wanaogopa. Wanadhani umekuja kumtafutia mwanao kazi na kafili wa kumdhamini, kwa sababu kila anayetoka kwetu anakuja kwa hilo. Bwana Nasor jana usiku anamwambia mkewe hajui atakukataliaje."

Siku tatu mwenye nyumba na mgeni wake tumekaa zulia moja, kila mmoja ameshika adabu yake kwa mikono miwili, kila mmoja anamwogopa mwenzake. Nikaenda moja kwa moja sebuleni na kumwambia Bwana Nasor yote, shangazi, orodha, Hamisi na mama yake Hamisi.

Alinisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akashika paji la uso. "Subhanallah. Maalim, nisamehe. Miye nilidhani... wacha, lisisemwe. Makaratasi ya Kivinje yapo. Yamo kwenye sanduku la shangazi yangu Bi Zuwena, dada yake marehemu baba yangu. Yeye kazaliwa huko huko Kivinje, anakumbuka kila kitu."

"Yuko wapi?"

Akatazama chini. "Alikuwa humu ndani. Siku zote hizi alikuwa nyuma ya ukuta huu. Leo baada ya alfajiri mwanawe kaja kamchukua, wamekwenda Sur. Na sanduku lake halimwachi, anakwenda nalo."

Mjue kwamba nilicheka, na nadhani nilicheka kwa sababu kulia mbele yake ningeona haya.

Ibra hadi Sur: gurudumu la Al Kamil

Bwana Nasor alikuwa na kazi Nizwa, kwa hiyo alinitafutia dereva wa teksi na kunifungia chakula cha watu wanne. Nilikaa Ibra mpaka Jumatano nikingoja Bi Zuwena apatikane kwenye simu, kwa sababu simu yake huizima ili isichoke, na ya mwanawe ilikuwa haipokelewi. Zilikuwa zimebaki siku mbili nirudi.

Karibu na Al Kamil gurudumu lilipasuka, na la akiba nalo lilikuwa bovu. Dereva alisimamisha gari la mizigo, akapanda na magurudumu yote mawili, akaniambia kwa vidole kwamba nisubiri. Nilisubiri kando ya barabara kuu kwenye kibanda cha chai pamoja na Mpakistani mmoja fundi wa viyoyozi, ambaye gari lake pia lilikuwa limegoma. Tulikaa tangu asubuhi mpaka adhuhuri ikapita. Nilifungua chakula cha watu wanne tukala wawili. Yeye alinionyesha picha za binti zake kwenye simu, mmoja mmoja, na kila mmoja alinitajia jina na kulirudia mpaka nilitamke sawasawa. Nilimwonyesha picha ya shangazi. Akauliza jina. Nikamwambia Somoe. "Somoe," akasema, akaweka mkono kifuani.

Nikafikiri, mtu huyu ametoka mbali na kitu anachotaka nikijue kwanza ni majina ya watoto wake. Na mama yake Hamisi alipofikishwa Kivinje bila shaka alikuwa nalo jina alilopewa na mama yake. Nani alimuuliza? Nilikuwa nimefundisha karne ile kwa miaka thelathini, misafara, bei za pembe, majina ya masultani kwa mpangilio. Nilijua sandarusi ilikwenda wapi. Jina la bibi yangu sikulijua, na hapo kwenye kibanda cha chai niliona aibu kuliko siku yoyote ya kazi yangu.

Dereva alirudi magharibi imeshaingia. Tukalala njiani kwa jamaa zake, kwa sababu hakutaka kuendesha gari gizani na ngamia barabarani.

Sur: Alhamisi baada ya alasiri

Sur ni mji wa pwani na pua yangu iliutambua kabla ya macho. Mwanawe Bi Zuwena anaitwa Salim, mtu wa bandarini, mnene mcheshi. Alinipeleka kwanza kunionyesha mahali vyombo vinapoundwa, akasema kwa Kiswahili cha kubahatisha, "Hapa, zamani, inatoka safina, inakwenda kwenu." Nilimjibu najua ilikwenda kuchukua nini. Akanitazama, na nikajuta, kwa sababu yeye alikuwa mwenyeji wangu na hakuna alilonikosea.

Bi Zuwena alikuwa amekaa kitini, mdogo kama mtoto, macho makali.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, marahaba! Watoka Kivinje weye? Kile kisima cha msikiti wa chini kingali na maji? Na ile njia ya kushukia pwani, imejaa mchanga au imebaki?" Aliuliza mpaka akachoka, na kila nilipojibu alirudia jibu langu polepole. Akaniletea mkate wa kumimina uliopikwa kwa mikono yake. "Ibra nimekaa siku tatu n'nasikia kuna mgeni wa Afrika sebuleni. Wallahi hawakunambia wa Kivinje! Wangenambia ningetoka, aibu wangeona wao."

Safari hii sikungoja siku tatu. Nilisema haja yangu kabla sijameza tonge la pili. Yeye akaagiza sanduku.

Salim alifungua makaratasi kwa uangalifu. Mengi ni barua za biashara kati ya Kivinje na Ibra, robo tatu yake salamu. Kisha akatoa karatasi moja nene iliyopauka, akaisoma kimya, akavuta pumzi. Akaniambia maana yake pole pole, na Bi Zuwena akimsahihisha. Tajiri wa nyumba ile anashuhudia kwamba amemwacha huru mjakazi wake Faida, mama yake Hamisi, aliyemnyonyesha mwanawe Saidi baada ya mama mtoto kufa, na kwamba amefanya hivyo kwa ajili ya Mungu, akitaraji thawabu.

"Alhamdulillahi!" Bi Zuwena akasema. "Faida! Umelipata jina. Saidi huyo ndiye babu yangu."

Sikuweza kufurahi. Faida si jina alilozaliwa nalo. Mnajua wenyewe, majina kama hayo ndiyo waliyowapa watumwa wa nyumbani, mmoja Faida, mmoja Zafarani, jina la kuitiwa uani. Mama yake hakumwita Faida. Nilimwambia Bi Zuwena hivyo, kwa upole nilioweza.

"Wazee wetu walikuwa watu wema," akasema. "Si walimwacha huru."

"Walimwacha huru, bibi. Kwanza walimnunua."

Salim alikunja karatasi akaiweka mezani. Nilimeza mkate uliobaki na haukuwa na ladha. Ndege yangu ilikuwa kesho yake. Nilikuwa naona jinsi nitakavyomwambia shangazi kwamba nimevuka bahari nikamletea jina la uani.

Ilikuwa Alhamisi, na baada ya alasiri wanawake walianza kuingia ndani, wazee wengi wao, wananong'ona kwa Kiswahili. Salim alinieleza kwamba mama yake huwarehemu wazee kila Alhamisi pamoja na wenzake waliotoka Afrika. Majirani hawana desturi hiyo na wengine huwasema, lakini mama hasikii la mtu. "Amekuja nayo kutoka kwenu," akasema. Tuliachwa sebuleni sisi wawili, pazia likavutwa. Yasini ilisomwa, kisha Bi Zuwena mwenyewe akaanza kutaja majina. Nilikuwa nimeinamia viatu vyangu. Majina ya watu wa Ibra, majina ya watu wa Sur, waliokufa Dar es Salaam, waliokufa Kivinje, amin, amin. Na karibu na mwisho sauti yake ikasema, "Na babu yetu Saidi, na mama yake wa ziwa, Nambewe."

Nilisimama. Nisameheni, mimi niliyekaa siku tatu Ibra kama kuku wa kutaga nikingoja kuulizwa, nilipiga kelele kwenye pazia la wanawake wanaoomba dua. "Bibi! Lirudie!"

Salim alinishika mkono akidhani nimeugua.

"Nambewe," sauti ya Bi Zuwena ikasema. "Mama wa ziwa wa babu Saidi, aliyemnyonyesha. Babu aliusia mwenyewe. Alisema asisomwe kwa jina la nyumba, asomwe kwa jina lake alilomwambia yeye alipokuwa mtoto. N'namsoma miaka yote hii, lakini nikidhani ni mke wa tajiri mmoja wa Kivinje..." Akakatisha. Nilisikia fimbo yake ikigonga sakafu, pazia likafunguliwa, akasimama mbele yangu mdomo wazi. Tukatazamana. Karatasi ilikuwa bado mezani. Faida aliyemnyonyesha Saidi. Nambewe aliyemnyonyesha Saidi. Watoto wawili walionyonya ziwa moja, Hamisi babu yake shangazi, na Saidi babu yake yeye.

"Basi sisi ndugu," Bi Zuwena akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Nililia na mimi, lakini nitawaambieni kweli, sikulia kwa furaha tupu. Ndugu wa ziwa, na aliyetoa ziwa hakuombwa. Aliwanyonyesha wote wawili na mmoja tu ndiye aliyekiachia kizazi chake jina lake la kweli. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na shukrani, na hata leo sijaweza kuvitenganisha. Wajukuu zake tulimsahau jina. Wajukuu wa waliomnunua walilisoma kila wiki, bila kujua ni la nani.

Wakati wa kuagana Bi Zuwena hakuniachia mkono. "Nina haja moja. Nikifa, huku watanisoma mpaka Salim naye afe, halafu basi, vijana hawajui haya mambo. Mnisome Kivinje. Mnitie kwenye orodha yenu, chini yake Nambewe."

Nilimwambia orodha si yangu, ni ya shangazi, nitamuuliza.

Kivinje

Sikumpigia shangazi simu. Nilikwenda mwenyewe, nikavua viatu, nikakaa kwenye mkeka, nikamwambia. Alilitamka mara nyingi bila sauti, midomo ikicheza. Kisha nikamweleza ombi la Bi Zuwena. Akavuta shanga za tasbihi moja moja.

"Analia huko?"

"Alilia sana."

"Mpigie umwambie akifa tutamsoma. Lakini asiwe na haraka, na juu yake wakae Nambewe, na Hamisi, na baba yangu, na watu wangu wote. Yeye atakuwa wa chini kabisa."

Nilimpigia. Simu ilikuwa imezimwa ili isichoke, kwa hiyo nilimwambia Salim.

Wengi wenu mlikuwepo siku ya kisomo, lakini mliokaa nje hamkuona. Msomaji alishika karatasi niliyomwandikia kwa herufi kubwa. Alisoma majina yote tunayoyajua, na shangazi, kama kawaida yake, alikuwa anatangulia kuitikia amin kabla ya kila mtu. Akafika juu. "Na Hamisi," akasema, watu wakaitikia amin. "Na mama yake Hamisi, Nambewe."

Shangazi hakusema amin. Aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili, akaitika, "Abee."

Hakuna aliyecheka.